Wa Nyuma Kabisa

Mimi ni wa nyuma kabisa. Ndiyo kazi yangu.
Pampu nimeifunga kwenye bomba la fremu,
mfukoni solusheni, msasa, spoku tatu,
na chupa ya chai ya tangawizi alonitilia mke wangu
akisema, "Wape watakaoanguka."

Mbele yuko Faki Shaame na filimbi yake,
mwalimu wa jiografia. Pemba anaisoma kwa mabonde:
"Hapa tunashuka, hapa tunapanda, hapa tunashuka tena,"
kama kwamba miguu haijui.
Katikati wageni wetu wa Unguja,
waliozoea barabara iliyotandikwa kama mkeka.
Walitoka Chake wakitaniana.
Mlima wa kwanza uliwanyang'anya maneno,
wa pili ukawateremsha kwenye tandiko.

Wa nyuma huona migongo.
Huona jasho likichora visiwa kwenye shati la Sharwani,
na buibui la Bi Chumu, kalibana kwa kibanio cha kuanikia nguo
lisije likaliwa na cheni.
Huokota pia: kofia, kifuniko cha chupa,
na maneno yaliyodondoka njiani,
"...ndipo nikamwambia kaka yake..."
Nini alimwambia, mpaka leo sijui.

Bonde la kwanza mto ni uzi,
tukaupita miguu juu, watu wazima na ndevu zao.
Bonde la pili mto una wanawake na ndoo.
Tukashuka, tukasukuma, tukasalimu mmoja mmoja,
maana watu hawapitwi kama miti.
Bonde la tatu, daraja halipo.

"Jana lilikuwapo," alisema Faki.
Palilazwa minazi miwili. Umebaki mmoja,
umelowa, unateleza kama kambare,
na chini yake maji ya mwisho wa masika
yanakwenda mbio, rangi ya chai ya maziwa.
Simu ya mgeni ikatwambia tuendelee moja kwa moja.

Ndipo tukasikia kicheko juu ya dungu.
Mtoto, kombeo shingoni, debe bovu mapajani,
mlinzi wa majaruba ya mpunga kwa siku nzima.
"Nyie mwendapi na vyuma hivyo?
Pito la ng'ombe liko kule, maji ya magoti.
Lakini mnilipe."
"Shilingi ngapi?"
Akatutazama, akahesabu kwa kidole.
"Pesa sitaki. Nataka kengele. Zote, pamoja,
mkishavuka."

Tukavuka. Sharwani na yake begani, anahema,
mgeni mmoja akaacha kiatu kwenye tope
nami nikakizamia mpaka kwapani.
Bi Chumu akajitwika baiskeli kichwani
kama mzigo wa kuni, wala hakumtazama mtu.

Ng'ambo tulijipanga kwenye tuta.
Faki akapuliza filimbi,
kengele zikalia kwa pamoja,
za zamani zinazokwaruza, mpya zinazopiga kelele,
na mpunga wote ukainuka,
hapana, minana ndiyo iliyoinuka,
mamia, kama jamvi linalokung'utwa,
wakazunguka mara mbili, wakashika njia ya msitu.

Mtoto akajilaza chali kwenye dungu.
"Basi. Leo kazi nishamaliza."
Kisha akainua kichwa:
"Nimesikia kumi. Nyie kumi na mmoja."
Yangu haina kengele tangu mwaka juzi.
Nikachukua spana, nikagonga rimu.
Ngaa.
Akaridhika.

Wete, usiku, kahawa na halua.
Wanasimulia milima, kila mmoja wake mrefu zaidi.
Minana hakuna aliyewataja.
Mimi niko uani na kumbi na ndoo, naosha.
Chini ya madigadi yangu, ndani ya tope la bonde la tatu,
punje moja ya mpunga, ina unywele mweupe
unaotafuta chini ulipo.

Nimeosha kumi.
Ya kumi na moja nimeiegemeza ukutani,
upande wa umande.